Moto Chini ya Visiki vya Cyanzarwe

Kigali, 11 Januari 1999

Kwa Bi Pascasie Mukankusi,
mwenye dampo la Cyanzarwe, Gisenyi

Mama,

Barua hii inahusu ukaguzi nilioufanya kwenye dampo lako Jumatano, tarehe 6. Nakuandikia kwa Kiswahili kwa sababu siku ile Kinyarwanda changu kilikuchekesha mara tatu, ukaishia kunijibu kwa Kiswahili kwa kunihurumia. Nilizaliwa Bukoba. Nisamehe.

Kibali chako kinaruhusu mabaki ya ufyekaji tu: visiki, matawi, nyasi, udongo na mawe. Nilichokikuta ni zaidi ya hapo. Upande wa lango kuna matairi. Yanayoonekana ni kumi na moja. Kuna mbao zenye rangi, na pipa la mafuta machafu lililotoboka. Upande wa mashariki moshi unatoka ardhini, na kuchoma kitu chochote ndani ya dampo ni marufuku. Isitoshe, nilipotaka kukagua bonde dogo la pembeni, karibu na ua wa minyaa, ulinizuia kwa mpini wa jembe ukaniamuru nirudi. Nimelazimika kuandika kwamba mwenye dampo alizuia ukaguzi.

Kwa hiyo dampo limefungwa kwa siku kumi na nne. Fomu niliyoambatanisha inasema kwamba unakubali makosa hayo yote. Itie sahihi, umpe Gentil, dereva wa taksi ya Gisenyi, aniletee. Anayekubali mapema hupewa adhabu nyepesi.

Latif Mbonigaba
Mkaguzi


Cyanzarwe, 19 Januari 1999

Bwana Mukaguzi,

Forme yako nimeisoma mara mbili, na binti yangu Ineza akanisomea mara ya tatu, ju nilizani macho yangu inanidanganya. Sitasaini. Naanza na hiyo ili usipoteze muda kutafuta neno ingine pale chini.

Bon. Sikia sasa. Ile shimo baba yangu alichimba mawe ya kujengea mule miaka makumi mbili. Alipokufa, nilitoka Goma nikarudi kulima pembeni yake. Mwaka jana, wakati walikuwa wanakata miti na migomba pembeni ya barabara ju ya usalama, wenye bunduki wasijifiche mule, na kusafisha milima ya kujenga vijiji mupya, Siméon Nzeyimana mwenye kampuni ya kukata alikuja kwangu. "Mama Ineza, hatuna pa kutupa visiki." Nikasema visiki, ndiyo. Matawi, ndiyo. Tairi sikusema. Mardi na vendredi, Jumanne na Ijumaa yenu, mi niko ku Petite Barrière, ku mupaka ya Goma, tangu asubuhi, nauza maharagi. Ni siku hizo kamio yake, ile lori kubwa, inaingia. Tairi kumi na moja, mi nitazitoa wapi? Sina hata velo ya magurudumu mbili.

Sasa ile bonde. Uliandika nilikuzuia. Ndiyo, nilikuzuia! Kule chini iko mazuku. Ni hewa mubaya inatoka mu mawe ya volcano, haina harufu, haina rangi, inalala chini na inangojea mwenye kushuka. Mwezi wa kumi mbuzi yangu ilienda pale kula majani, ikapiga magoti, ikakufa. Imbwa ya jirani ikaenda kuinusa, nayo ikalala. We ulikuwa unashuka na karatasi yako, hauangalie hata mbele. Hatua ine tena, na leo mama yako analia. Kama kuzuia mutu asikufe ni kosa, iandike tena, lakini iandike vizuri.

Ile moshi si mi. Ilianza kisha kamio ya vendredi kupita. Walichoma ili nafasi iongezeke. Tangu leo, mardi na vendredi siendi tena ku soko. Nitaketi mu mulango ya shimo, tuone nani atapita.

Pascasie Mukankusi


Kigali, 28 Januari 1999

Mama Ineza,

Niliposoma habari za mbuzi wako niliweka barua chini nikayatazama magoti yangu. Bukoba hatuna mazuku. Nilidhani unaficha kitu, nikarudi garini nimekasirika, na njia nzima nilikuwa natunga sentensi ya kukushtaki. Ule mstari nimeufuta. Mama yangu sijamwambia; angepanda basi leo hii aje kukushukuru, na sijui mngemaliza lini kunicheka.

Kuhusu matairi, nimempigia simu Siméon. Anasema wewe ndiye unayepokea kila kitu na kwamba mlikubaliana. Sina njia ya kujua nani mkweli nikiwa huku, na usinichukie kwa kulisema hilo.

Lakini kuna habari njema. Ofisi imepokea mpango wa kulifunga dampo kabisa. Kampuni ya Siméon italifunika kwa udongo na kulisawazisha, kisha vitapimwa viwanja ishirini na vinne kwa familia zilizoteremka kutoka Mudende kukimbia vita, zile ambazo bado zinalala kwenye mahema. Mimi natakiwa tu kuthibitisha kwamba kilichomo ni udongo na mawe. Utapumzika na kelele za malori, na watu watapata pa kukaa. Nilifikiri utafurahi.

Latif Mbonigaba


Cyanzarwe, 6 Februari 1999

Latif,

Nimeacha "Bwana Mukaguzi" ju iko murefu na mi niko na haraka.

Nifurahi? Mwaka muzima niliona nini inaingia mule. Chini iko visiki ya mikaratusi, moja juu ya ingine, na katikati iko nafasi mutoto anaweza kutambaa. Visiki inaoza. Ikioza, juu inashuka. Nani anajenga nyumba juu ya kitu inashuka?

Na moto haijaisha. Siméon alimwaga udongo, moshi ikapotea, ndiyo maana anasema imezimika. Jana nilichukua ferabeto, ile chuma ya kujengea. Nikaipiga na jiwe mpaka ikaingia mikono mbili mu ardhi, nikaiacha wakati ya kuchemsha chai. Nilipoitoa iliniunguza kiganja. Ndiyo maana naandika vibaya. Niko na kitambaa ku mukono.

Iko mwanaume mumoja wa Mudende, anaitwa Wellars, mulimaji wa viazi. Walimuonyesha kiwanja namba saba. Alikuja na mke yake na batoto yake ine, wakapima kwa miguu: jikoni hapa, mulango hapa. Aliniletea viazi mu kitunga, ju nitakuwa jirani yake. Nikamuambia, "Wellars, chini ya jikoni yako iko moto."

Aliangalia mukono yangu. Kisha aliangalia nyumba yangu. "Mama," akasema, "we unalala chini ya bati. Mi nalala chini ya plastiki. Unanitisha ili shimo ibaki yako?"

Akageuka, akaenda. Viazi nilipika, Ineza akakula peke yake.

Usisaini. Kuja na ferabeto yako.

Pascasie


Kigali, 15 Februari 1999

Mama Ineza,

Pole sana kwa mkono. Paka asali, usiufunge kwa kitambaa kichafu.

Hoja zako nimezipokea. Jambo hili lina ngazi zake, na mimi niko ngazi ya chini. Ripoti imewekewa masharti: eneo litaangaliwa kwa miezi sita kabla ya ujenzi wowote. Kwa hiyo subiri. Usigombane na Siméon langoni. Mvua za Machi zikianza, huenda moto ukazimika wenyewe.

Ningekuja, lakini gari la ofisi limeharibika.

Latif


Cyanzarwe, 3 Machi 1999

Kaka Latif,

Ni Ineza naandika. Mama iko mu cachot, wamemufunga tangu jana.

Siméon alikuja na kamio tatu ya udongo, na karatasi moja. Akaisoma kwa nguvu ili majirani wasikie: "Kilichomo ni udongo na mawe. Panafaa kwa makazi." Pale chini iko jina yako, na muhuri, na tarehe mbili ya mwezi wa pili.

Mama aliomba kuishika. Hakuangalia maneno, aliangalia tarehe. Alihesabu ku vidole. Barua ya ferabeto alikuandikia tarehe sita. Ulikuwa umesaini tayari. Na kisha ukamuandikia asubiri.

Akanipa karatasi nimurudishie Siméon, akaenda kuketi chini mbele ya kamio ya kwanza. Dereva alipiga honi mpaka akachoka. Wanawake watano ya hapa wakakuja kuketi naye, wengine na batoto ku mugongo. Siméon akaita gendarme. Walimuchukua mama peke yake, ju alikataa kusimama, wakamubeba na miguu na mikono. Hakupiga kelele. Aliwaambia tu waangalie ule mukono wenye kidonda.

Leo nilimupelekea chakula. Nikamuuliza kama nikuandikie kitu. Akasema: "Muambie ku bonde ya mazuku nilimuzuia. Hii ingine ameingia na macho yake wazi."

Ni hiyo tu.

Ineza


Kigali, 8 Machi 1999

Mama Ineza (Ineza, msomee popote alipo),

Nilisaini.

Mkurugenzi wa ofisi yetu alinisukumia karatasi mezani akasema, "Watoto wananyeshewa kwenye mahema, wewe unasubiri nini?" Sikuwa nimelipima dampo lile hata kwa kidole. Nilijiambia ni kwa ajili ya watoto. Ukweli ni kwamba nilimwogopa. Barua yako ilipofika nikaona aibu, na aibu ikanifanya mwongo. Miezi sita ya uangalizi haipo. Niliitunga ili unyamaze. Gari halikuharibika.

Nilipopata barua ya Ineza sikupata tena neno la kujifichia. Leo nimemwandikia Mkurugenzi, na nakala nimeiambatanisha. Inasema: "Mimi, Latif Mbonigaba, nilithibitisha nisichokipima. Dampo la Cyanzarwe lina visiki vinavyooza, matairi, na moto chini ya udongo. Naiondoa sahihi yangu. Hapafai kujengwa nyumba."

Aliisoma nimesimama mbele yake. "Unajua unachofanya?"

"Mara ya kwanza sikujua," nikamwambia. "Leo najua."

Amechukua muhuri. Amenikataza kukanyaga Gisenyi. Viwanja vinagawiwa Alhamisi, tarehe 18, na mimi sitakuwepo. Nakala ni yako. Isome mbele ya yeyote, na jina langu usilifiche, la kwanza wala la pili.

Siombi unisamehe kwa barua.

Latif


Cyanzarwe, 21 Machi 1999

Latif,

Niliketi mu cachot siku saba. Walitaka niandike kuwa sitafika tena karibu ya shimo. Niliwaambia nyumba yangu iko hatua makumi tatu toka shimo, donc wanitafutie mabawa. Waliniacha ju walichoka na mudomo yangu.

Barua yako ilinikasirisha, nikaitupa chini. Ineza akaiokota. Ile ingine, ya Mukurugenzi, niliikunja nikaiweka mu kitambaa ya kichwa.

Jeudi, ile Alhamisi yako, walikuja batu kama mia. Udongo ilikuwa imelala sawa, nyeusi, muzuri, hata mi ningedanganyika. Walipanda vijiti na namba. Iko mukubwa mumoja wa serikali alitoka Gisenyi kugawa karatasi ya viwanja. Siméon alivaa koti. Batoto ya Wellars walikuwa wanacheza tayari mu namba saba.

Niliingia na ferabeto ku bega. Siméon akaniona, akasema kwa nguvu: "Huyu mama tunamujua wote. Anataka shimo ibaki yake."

Nikasimamisha ferabeto mbele yangu. Nikasema: "Siméon, shimo ichukue. Tena shamba yangu ya juu, ile ya baba, iko mawe chini na haishuke. Wape hawa batu, natoa mbele ya wote. Lakini we kwanza vua viatu, ukae chini mu namba saba wakati mi nasoma karatasi moja."

Batu walicheka. Siméon hakuvua viatu. Nikasoma. Nilisoma jina yako. Nikasema pia kuwa huyu huyu ndiye alisaini uongo wa kwanza. Sikuificha. Yote mbili ni yako.

Siméon akasema, "Joto ya hapa ni ya volcano. Nani haijue? Gisenyi yote iko juu ya volcano!" Na batu wengine wakaitika, ju ni kweli, huku maji ya moto inatoka hata pembeni ya ziwa.

Nilizani imeisha. Halafu Wellars akakuja, akanitoa ferabeto ku mukono bila kuniangalia. Akaipiga na jiwe mu namba saba, pale walipima jikoni. Akangojea. Batu wote wakangojea, hata yule mukubwa. Akaitoa na koti yake, koti ikaanza kunuka, akaiachilia mu majani yenye maji. Ikalia kama mafuta mu sufuria.

Akachukua jembe akachimba. Ilipofika ku goti moshi ikatoka, nyeusi, na harufu ikatushika wote ku koo. Wellars akakohoa, akamuangalia Siméon.

"Volcano haivae tairi," akasema.

Mke yake akaanza kuita batoto, mumoja mumoja, na majina yao. Alipofika ku wa ine, ardhi pale Wellars alikuwa anachimba ikashuka. Haikufanya makelele. Ilishuka tu, na jembe ikaenda nayo. Yeye mwenyewe aliruka nyuma akaanguka juu yangu.

Yule mukubwa alirudisha karatasi mu sakoshi. Hakuna mutu aliambia batu ng'oa, lakini waling'oa. Kila mutu aling'oa kijiti yake. Siméon alikuwa anasema, "Subiri, subiri," na hakuna alisubiri.

Wellars bado yuko na aibu na mi. Jana alipita akaniuliza habari ya mukono. Nikamuambia iko inapona. Akasema, "Nilikuita mwongo." Nikamuambia, "Ndiyo, uliniita." Akacheka, kisha akalia kidogo. Nyumba bado hana.

Pascasie


Kibungo, 14 Aprili 1999

Mama Ineza,

Nimehamishwa. Sasa nakagua majosho ya ng'ombe huku mashariki, na ng'ombe hawana maneno mengi. Gentil ndiye aliyenisimulia mara ya kwanza, pale kituo cha Nyabugogo, akiigiza sauti ya Siméon mpaka abiria wakakataa kuondoka kabla hajamaliza. Kisha barua yako ikanifikia. Nimesoma mahali unaposema yote mawili ni yangu, nikarudia.

Wiki iliyopita Mkurugenzi alinitumia barua. Anataka niandike kwamba nilipoondoa sahihi nilikuwa naumwa malaria na sikuwa na akili timamu. Nikiandika hivyo, nitarudi Kigali kabla ya Juni na muhuri wangu. Mke wangu alinitazama nikiisoma. Yeye ndiye asiyependa huku. Hana hata ndugu mmoja. Nikamwuliza niandike nini.

Akasema, "Uliumwa?"

"Sikuumwa."

"Basi mwambie."

Nimemjibu kwa mstari mmoja: siku ile nilikuwa mzima kabisa. Nafikiri tutakaa Kibungo muda mrefu.

Niambie kuhusu Wellars. Na kuhusu shamba la baba yako: ulisema vile kwa hasira, au walilichukua kweli?

Latif


Cyanzarwe, 27 Juni 1999

Latif mwanangu,

Walichukua. Yule mukubwa alikuwa ameandika kila neno yangu, na kisha wiki mbili kupita alikuja na kamba ya kupima. Ineza alilia. Alisema, "Mama, ulisema kwa hasira, waambie." Ni kweli nilisema kwa hasira. Lakini nilisema mbele ya batu mia, na batoto walikuwa wanasikia.

Sasa iko familia sita kule juu. Wengine wamepewa mahali ku barabara ya Mudende. Wellars amejenga wa kwanza. Alichimba musingi mpaka akagonga jiwe, kisha akaniita nishuke mule ndani niruke na miguu mbili. Niliruka. Mutu wa miaka makumi tano na tatu! Mke yake alicheka mpaka akaketi chini. Mi nimebaki na kipande ya chini, ya maharagi, na ku barrière nimerudi mardi na vendredi. Shamba ya baba inaniuma asubuhi nikifungua dirisha. Kisha naona moshi ya jikoni yao, ile ya kweli, inatoka juu ya bati, na naenda kulima.

Siméon hakufanyiwa kitu. Anakata miti fasi ingine. Akipita na kamio anapiga honi mbele ya mulango yangu, na mi natoka nje nasimama ili anione vizuri.

Mke yako muambie namusalimia sana. Siku ingine mulete.

Juzi walituma mukaguzi mupya, kijana wa Kigali, na forme imejazwa tayari na machine. Nilimuonyesha kwanza bonde ya mazuku, kwa mbali. Kisha nikaona mule mu forme: "Moto: hakuna." Alitaka kusaini akiwa amesimama ku barabara. Nikamuambia hapana, mwanangu, kuja tusimame katikati ya shimo, tuzungumuze habari ya Kigali. Nilimuuliza habari ya baba yake, ya mama yake, ya dada zake wote. Alikuwa na dada watano. Ku wa tatu alianza kuinua mguu moja, kisha ingine. Ku wa ine, soli ya kiatu ikaanza kunuka.

Akafuta "hakuna." Akaandika "iko."

Nilimuambia herufi ni kidogo, batu ya Kigali hawataona. Akaandika tena, kubwa.

Pascasie Mukankusi